Mwanamke Niliyemsemea Miaka Kumi na Moja

Mlioniuliza mnajijua: wenzangu wa kikundi, majirani wa Barabara ya Kumi na Mbili, na shoga yangu Mwanahamisi aliyebisha hodi mara tatu na mara zote akanikuta nimelala. Ulimpata? Alikuwaje? Alikubali? Naandika mara moja ili nisisimulie mara ishirini. Habari za viza na tiketi nazipita. Hakuna aliyewahi kufurahia kusoma foleni.

Kwa atakayeyapata haya bila kunijua, mimi ndiye Bi Harriet. Ile tamthilia ya Kimarekani ya mjane mwenye duka la mikate na watoto watano wasiosikia la mtu, inayoonyeshwa kwa Kiswahili saa moja na nusu jioni: mjane yule anaigizwa na Corinne Ashdale, na maneno yanayomtoka kinywani ni yangu. Nimemsemea miaka kumi na moja. Amecheka, nimecheka. Amezika watu sita, nimewalilia wote. Nikiuliza bei ya nyanya sokoni watu hugeuka, kisha wakiniona hugeuka tena kutafuta sauti imetoka wapi. Sura yangu hawaijui.

Nafasi ile sikupewa na mjomba. Niliishia darasa la saba, nikakaanga vitumbua, nikafua nguo za watu, nikarudi darasani nikiwa na miaka thelathini na minne. Nikatoka na stashahada ya sanaa za maonyesho, wa kwanza katika darasa la vijana walioniita mama. Stashahada hiyo naitaja mara nyingi, na nitaitaja tena humu.

Miaka miwili iliyopita niliamua kwamba sasa nami nionekane. Nikaandika mchezo wa jukwaani wa mtu mmoja juu ya maisha ya Corinne mwenyewe: msichana mweusi wa mji mdogo wa viwanda huko Marekani, aliyeanza kwa kufagia ukumbi, akapewa nafasi ya mtumishi anayesema maneno mawili tu, "Chakula tayari", akayasema kwa miaka minne katika michezo saba tofauti. Baadaye akawa malkia, wakili, mlevi na mtakatifu kwenye majukwaa makubwa. Sinema alizocheza ni tatu, na katika mojawapo anakufa kabla hujakaa vizuri. Umaarufu ulimfika amepita miaka hamsini, kwa duka lile la mikate. Nilikusanya kila mahojiano aliyowahi kutoa. Kurasa arobaini na mbili.

Mwenye ukumbi wetu hapa Tanga alizisoma zote, akafuta macho, akasema, "Mwanamke huyu yu hai. Bila saini yake sikufungulii mlango." Niliandika barua kwa mawakala wake, hazikujibiwa. Kisha nikasoma kwamba Corinne Ashdale, akiwa na miaka sabini na sita, anacheza mchezo wa jukwaani mjini Birmingham, Uingereza, na kwamba Jumamosi fulani ataagana na jukwaa kabisa na kurudi kwao. Kaka yangu na mkewe wanaishi Birmingham. Nikafunga begi.

Tanga hadi kiti cha chuma

Basi lilifika Dar es Salaam kwa wakati, na ndege ya kwanza ilikuwa nzuri. Nilikula kuku, nikaomba mwingine, nikapewa. Mambo yaliharibikia Ghuba, Uarabuni, kwenye uwanja wa kubadilishia ndege. Ubao ulisema ndege ya Birmingham imechelewa, kisha imechelewa zaidi, kisha ukanyamaza. Tulikaa kwenye viti vya chuma karibu siku nzima.

Wengine walilala. Mimi nilisimama kando ya mashine ya soda nikafanya mazoezi ya mchezo wangu wote kwa sauti, bila kusoma. Nilipofika pale mama anapomfokea binti yake mlangoni, baba mmoja mnene mwenye suti ya kijani alinijia mbio.

"Mama, uko na shida? Unasemaka na nani?"

"Na binti yangu."

Akatazama nyuma ya mashine. "Binti iko wapi?"

"Ni mimi pia."

Aliondoka taratibu bila kunipa mgongo. Baada ya kitambo akarudi na mkewe, na mkate, na samaki wa kukaanga katika karatasi. Walikuwa Wakongo wa Bukavu, wakazi wa Birmingham. "Kula kwanza, mama," alisema. "Safari inachokeshaka kichwa." Nilipowaeleza kwamba mimi ni mwigizaji mwenye stashahada, yule mke alimpiga mumewe begani.

"Nilikuambia, chéri! Mwendawazimu hawezi piga pasi nguo namna hii."

Samaki alikuwa na pilipili ya kutosha. Nilikula, nikarudi kwenye mashine ya soda, na safari hii nilikuwa na watazamaji kumi na wanne.

Handsworth, kabla ya kufika nyumbani

Kwa hiyo nilifika Birmingham Jumanne badala ya Jumatatu, siku moja imeshaliwa. Kaka yupo safarini na lori lake. Wifi yangu Rukia, anayekaa mtaa wa Handsworth, alinielekeza kwa simu: panda basi linalopita Barabara ya Soho, shuka penye duka lenye viazi vikuu nje. Sikieni, Barabara ya Soho kila duka lina viazi vikuu nje. Kuna vya Wajamaika, kuna vya Wahindi, kuna maboga na mihogo mpaka unajiuliza Ulaya yenyewe iko wapi. Nilishuka vituo viwili kabla.

Nilikuwa na njaa. Mbele yangu palikuwa na jengo kubwa lenye kuba, watu wanaingia wamependeza, wanawake vitambaa kichwani, viatu vimepangwa, na harufu ya samli inatoka hadi barabarani. Mtu wa Tanga akiona viatu, vitambaa na samli pamoja, hahitaji kadi. Nikavua viatu, nikaweka mtandio sawa, nikaingia harusini.

Walinipokea vizuri mno. Nilikaa chini kwenye mkeka mrefu pamoja na watu mia, nikapewa dengu, chapati laini, na wali wa maziwa wenye iliki. Nikaongezewa bila kuomba. Lakini mtu hali ubwabwa wa harusi akaondoka mikono inaning'inia. Nikafungua begi, nikatoa doti ya khanga niliyomletea wifi, nikauliza kwa Kiingereza changu kilichonyooka: bibi harusi yuko wapi, nimtunze?

Wanawake wakatazamana. Mzee mmoja mwenye kilemba cha buluu na ndevu nyeupe akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, bibi harusi yupi?" aliniuliza kwa Kiswahili. "Hapa hakuna harusi."

Alizaliwa Kisumu. Nikamuuliza, kama hakuna harusi, nani basi anayelisha watu wote hawa?

"Sisi."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu wamekuja."

Lilikuwa hekalu la Masingasinga, na kila siku ya Mungu wanafanya hivyo. Alitaka nirudishe khanga begini, nikakataa. Zawadi ikishatoka hairudi. Nilipokuwa navaa viatu nilimwona bibi mmoja wa jikoni ameshajitanda.

Mzee alinifikisha hadi mlangoni kwa wifi, na huko nikapata msukosuko wangu wa pili.

"Wifi! Nimepika pilau tangu saa nne! Umekula wapi?"

"Harusini."

"Ya nani, na wewe umeshuka leo?"

Binti yake Naila, anayeelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Nilikula na pilau pia. Sikutaka ugomvi na mtu niliyekwisha kugawa khanga yake.

Ukumbini, Jumatano alasiri

Mpango wangu ulikuwa rahisi: kuutazama mchezo, kumsubiri kwenye mlango wa nyuma wa waigizaji, kujitambulisha, kupata saini. Nilikaa mstari wa saba.

Naye akatoka. Kwenye televisheni anajaza duka zima. Pale jukwaani alikuwa mama mwenye umbo dogo, mwembamba, ananyanyua mguu kwa uangalifu. Aliigiza mwanamke ambaye wanawe wanataka kuuza nyumba yake. Na mimi, mwenye stashahada, nikafanya kosa ambalo asiyefanya kazi yetu hawezi hata kulifikiria.

Watu hudhani anayeingiza sauti anasubiri maneno. Ukisubiri maneno umechelewa, midomo imeshakwenda. Unasubiri pumzi. Kila mwigizaji ana pumzi ya kucheka, ya kufoka, ya kudanganya. Corinne kabla ya kulia huvuta mbili fupi kwa pua, ya pili imekatika katikati. Nimezisikia mbili hizo katika spika za masikioni, gizani, kwa miaka kumi na moja, na kila nilipozisikia ilikuwa lazima nilie. Ndiyo kazi.

Akazivuta. Ukumbi ulikuwa kimya, giza, kama chumba chetu cha kurekodia. Nikalia. Nililia kwa sauti ya kazini, ya kutoka tumboni, nusu sekunde kabla yake.

Mstari mzima uligeuka. Nikaziba mdomo kwa mtandio. Akavuta nyingine, ile ya kukataa jambo, akasema maneno yake ya Kiingereza, na hapo hapo, kutoka mstari wa saba, Bi Harriet akasema kwa Kiswahili fasaha: "Nyumba hii haiuzwi!"

Taa ndogo ikanimulika miguuni. Mhudumu wa ukumbi, mama mwenye koti jeusi, alinishika kiwiko na kunitoa. Nilipita magotini mwa watu nikinong'ona, "Ya Rabi, nimefanya nini mimi." Tulipofika kwenye ujia, yule mhudumu akaacha Kiingereza.

"Ala! Kumbe wewe ni wa kwetu? Mama, ni nini hiyo? Watu wame-complain mpaka balcony. Unataka nifutwe?"

"Samahani. Ni kazi yangu."

"Kazi yako ni kupigia watu kelele?"

"Kazi yangu ni kumsemea yule. Mimi ndiye Bi Harriet."

Akanitazama kuanzia mtandio hadi viatu. "Enda! Hata mimi naeza sema ni Harriet. Haya, ongea."

Nikamwambia vile ninavyomwambia mkwe wangu katika tamthilia: akivuka tena kizingiti changu na viatu vile, nitamwoka pamoja na mikate.

Alishika ukuta. "Ngai! Mama yangu huko Nakuru, hatuwezi mpigia simu ukianza. Anakata. Anatukatia watoto wake sababu yako!"

Jina lake Wambui. Mchana anatunza wazee kwenye makao ya Longbridge, siku nyingine anafanya ukumbini. Kunirudisha ndani alikataa katakata, na mlango wa nyuma akasema walinzi wameshaarifiwa juu ya mama mmoja mwenye mtandio wa njano. Nilimweleza habari ya mchezo, saini, na Jumamosi. Akanipa kalamu.

"Andika barua. Fupi. Nitaiweka kwa chai yake. Lakini ukinidanganya, mama, nitakuoka na mikate."

Niliiandika nimesimama, sentensi nne. Ya mwisho ilisema: mimi ndiye niliyelia.

Longbridge

Alhamisi nilikutana na Wambui mtaa wa Kings Heath, katikati ya msongamano wa High Street, tukala chipsi zenye siki tumesimama. Jibu lilikuwepo. Corinne Ashdale atanipa dakika arobaini na tano, kesho Ijumaa saa kumi na nusu, kabla hajajiandaa kwa onyesho la jioni.

"Lakini kwanza utakuja kwangu lunch," Wambui alisema. "Kuna mtu lazima aongee na wewe."

Nani angemkatalia? Ijumaa nikaenda Longbridge. Zamani palikuwa na kiwanda kikubwa cha magari. Sasa ni maduka na nyumba mpya zinazofanana kama meno. Wambui alipika nyama, sukuma wiki, na ugali mgumu wa Kikenya.

"Huu ugali au kiti?" nilimuuliza.

"Ule wenu wa Tanzania ni uji umekosa kikombe," alijibu, akaniongeza.

Kisha akapiga simu ya video Nakuru. Mama yake alitokea, kitambaa kichwani, uso umejaa kioo.

"Harriet? Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Huyo mkwe wako ni mwizi."

"Najua, mama."

"Unajua na bado umempatia funguo za duka?"

Nilipaswa kuaga baada ya dakika tano. Lakini aliniuliza habari za watoto watano mmoja mmoja, akaita majirani, na kila jirani alitaka nimfokee kwa jina lake. Niliwafokea wote. Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kuutazama uso wangu nikiwa naisema sauti ile, na hawa walikuwa wananitazama. Sikutaka kuondoka. Nasema kama ilivyokuwa.

Treni ikaniacha. Iliyofuata ilichelewa, na ilipokuja ikasimama kati ya stesheni mbili, uani mwa nyumba za watu, ambako mzee mmoja alikuwa anaanika taulo. Akamaliza kapu zima tukiwa bado pale. Nilipofika katikati ya mji nilivua viatu vya kisigino nikakimbia na soksi. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili anayekimbia mjini na viatu mkononi hupishwa njia.

Nilifika na dakika ishirini zilizobaki.

Chumba cha kuvalia

Alikuwa amekaa mbele ya kioo, amevaa joho la kitambaa cha taulo. Nilijua sauti ile kuliko ya ndugu zangu, na bado nilishtuka ilipotoka kwa mtu.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Miaka hamsini jukwaani, hakuna aliyewahi kunitangulia kulia."

Nilimpa pole, nikampa kashata za nazi, nikamweleza. Tuliongea Kiingereza, nawaandikia kwa Kiswahili. Nilimwonyesha kurasa arobaini na mbili. Akazigeuza mbili tatu, akanirudishia.

"Siwezi kusoma neno hapa. Cheza."

"Hutaelewa."

"Nilicheza mbele ya watu wasionielewa kabla hujazaliwa. Cheza."

Nikasogeza kiti, nikaanza. Nilifagia ukumbi. Nilisema "Chakula tayari" kwa namna saba, na kwenye ya tatu akacheka, akatambua mchezo gani. Alikuwa anafuata kwa kidole gotini, kama mtu anayehesabu mdundo. Nikafika mlangoni. Mama amesimama, binti ana sanduku, mama anasema: "Ukivuka mlango huu kwenda kwenye uhuni wako, usinijue." Hiyo ndiyo sehemu iliyomliza mwenye ukumbi. Hapo niliigiza kuliko nilivyowahi kuigiza.

Corinne akainua mkono.

"Hapo nani anaongea?"

"Mama yako."

"Hapana. Mpaka hapa ulikuwa unavuta pumzi yangu. Nimekaa najisikiliza mwenyewe, inatisha. Hapa umevuta nyingine. Hiyo si yangu, na si ya mama yangu. Ni ya nani?"

Katika mahojiano yote niliyokusanya hakuna mahali alipomtaja mama yake. Palikuwa na pengo. Nililijaza.

"Ya mama yangu," nilisema. "Nilipokwenda chuoni aliniambia hivyo. Hajawahi kuja kunitazama hata mara moja."

Aligeuza kiti akawa ananitazama mimi badala ya kioo.

"Mama yangu alifua mashuka ya hospitali, zamu ya usiku. Kila Jumamosi alasiri, bila kulala tangu atoke kazini, alikuja ukumbini na sare yake, akakaa mstari wa tatu, na kabla sijasema 'Chakula tayari' alikuwa amelala. Anakoroma. Nilijifunza kupaza sauti ili nimpite. Watu wanaisifu sauti hii kila mahali. Niliipata kwa kushindana na mkoromo."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Wangemcheka. Na nisingepata nafasi ya kuwaeleza kwanza alikuwa anatoka wapi."

Mtu akagonga mlango, muda umeisha. Nikatoa karatasi ya ruhusa. Hakuigusa.

"Siweki saini kwenye mama wa mtu mwingine. Kesho nina nafasi kati ya onyesho la mchana na la jioni. Ukija na wangu, nitasaini. Ukiwafanya watazamaji wamcheke kabla hawajajua kwa nini amelala, sitasaini."

Jumamosi

Nikamwambia wifi asinipikie, asinisemeshe. Aliniletea chai mara nne na kunisemesha mara nane. Naila aliketi nami mezani, nikamwomba akorome. Alikoroma kwa Kiingereza, nikamwambia hapana, mkoromo wa mtu aliyesimama usiku kucha. Akajaribu tena, akafumba macho, mabega yakalegea, nikaandika.

Zile kurasa tatu za mlangoni nilizikata kwa mkasi. Zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika na nilizikata. Mahali pake nikaanza na mashuka: mwanamke anakamua, anaanika, anakamua, bila neno, mpaka mikono ya mtazamaji ianze kuuma. Kisha anakaa mstari wa tatu. Kisha analala.

Safari hii nilitoka mapema kiasi kwamba nilizunguka jengo lile mara sita. Wambui alinipitisha mwenyewe, akitembea mbele yangu kama askari.

Corinne alikuwa amechoka; onyesho la alasiri ile lilikuwa la mwisho kabla ya lile la kuaga jukwaa. Hakusema hata karibu. Nilifua mashuka. Niliyafua kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu niliona mkono wake umeanza kukunja upindo wa joho, unakamua. Nikakaa, nikalala. Nikakoroma. Wambui mlangoni alicheka, kicheko kifupi, akakikatiza mwenyewe akaziba mdomo. Kisha nikasimama nikawa binti, nikasema, juu ya mkoromo ambao haukuwepo, "Chakula tayari."

Nilisikia pumzi mbili fupi kwa pua, ya pili imekatika. Safari hii nilizuia koo langu. Nilimwachia alie mwenyewe.

Alipomaliza alinyoosha mkono, nikampa karatasi, akaweka saini kubwa iliyotoka nje ya mstari.

"Na ile ya mlangoni?" aliuliza.

"Nimeikata."

"Usiitupe. Ni nzuri. Ila aliyeisema yupo, sivyo? Mimi ulisafiri nusu ya dunia kuniomba."

Kurudi, na Barabara ya Kumi na Mbili

Ndege za kurudi hazikuchelewa, kwa hiyo hakuna la kusimulia, isipokuwa kwamba Wambui alinifungia ugali kwenye karatasi ya bati na wakaguzi wa uwanjani waliupitisha kwenye mashine mara tatu.

Mwenye ukumbi ameiona saini. Mlango utafunguliwa. Mchezo ni wa kurasa arobaini na moja sasa, na mtaniona uso. Hayo ndiyo mliyotaka kujua.

Lakini mimi nilikuwa na kurasa tatu mkononi, mwanzo wa mchezo mwingine. Siku ya pili baada ya kurudi nilikwenda kwa mama yangu, nyumba ya tisa kutoka kwangu. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko hawali?"

"Wanakula. Mama, nimekuandika kwenye mchezo. Nimekuja kukuomba ruhusa."

"Umeniandika nikifanya nini?"

Nikamsomea. Nilisoma vizuri, sauti ya kazini. Nilipofika kwenye maneno ya mlangoni mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Nilisema hivyo," alisema. "Kila neno."

"Ndiyo, mama."

"Watu watasikia?"

"Watasikia. Ukikataa, hawatasikia."

Akatoa jiwe moja kwenye mchele, akalitupa. Akatoa jingine.

"Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naogopa. Hasira umeiandika. Woga hujauandika." Akausogeza ungo pembeni. "Kaa chini. Soma tena, na hapo penye mlango usinisomee kwa sauti ya huyo Harriet wako. Soma kwa yangu."

Nikakaa. Nikamtazama kifuani mpaka nikaona anavyovuta pumzi, nikavuta kama yeye, nikaanza.